Picha ya ubongo ya mama ilitoka safi. Mbona daktari anasema ni kiharusi?

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, natokea Urambo. Mama yangu ana miaka 61. Siku kumi na moja zilizopita aliamka alfajiri, akawasha moto, akachemsha chai na tukaongea naye vizuri tu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kikombe kikamdondoka mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa hayatoki. Kituo cha afya wakampima sukari, ikawa sawa. Presha ilikuwa 190 kwa 110. Wakatuandikia rufaa kwenda Tabora mjini. Jirani alikuwa na aspirini, lakini daktari akatukataza tusimpe mpaka apigwe CT scan. Presha nayo hawakuishusha. Gari lilichelewa, tukafika Tabora saa saba mchana, na picha ikapigwa saa kumi na moja jioni. Ripoti inasema hakuna damu, hakuna uvimbe, hakuna kidonda kipya, ila kuna vishimo viwili vidogo vya zamani. Pamoja na hayo daktari akasema ni kiharusi cha mshipa kuziba, na aspirini akaianza usiku ule ule. Sasa mama anatembea kwa kushikwa, anaongea lakini anachanganya maneno. Mjomba anasema tumedanganywa, CT haikuona kitu, tuuze ng'ombe wawili tumpeleke Mwanza akapigwe MRI. Daktari, ile CT ilikuwa hasara? Na ng'ombe tuuze?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana na kuuguza, na umfikishie mama salamu zangu. Mtu aliyepotewa na maneno, kisha akaanza kuyaokota moja moja, anafanya kazi nzito kuliko sisi tunaomzunguka.

Kazi yangu ni kusoma picha za ndani ya mwili, na za kichwa ndizo nilizozisoma kuliko zote. Natanguliza jibu ili ng'ombe wasifike mnadani kabla hujamaliza kusoma: ile CT haikuwa hasara. Kama mama ana kiharusi au hana, daktari alikwisha kulijua kwa kuutazama mdomo, kuushika mkono na kusikiliza maneno. Swali alilolipeleka kwenye mashine ni jingine kabisa: kichwani mwa mama kuna damu iliyovuja, au hamna? Matibabu yote yalikuwa yamesimama mlangoni yakisubiri jibu hilo. Jibu likaja: hamna damu. Hicho ndicho mlichokilipia, na mkakipata.

Nieleze kwa jambo unalolijua. Bila shaka umepita Nzega au Igunga wakati wa mpunga ukayaona majaruba. Tuta la jaruba likibomoka, maji yanamwagika nje, na hata abiria aliyeko ndani ya basi anayaona saa ile ile. Lakini mfereji wa kuingiza maji ukizibwa huko juu, ukipita jioni ya siku hiyo hiyo utaukuta mpunga ni kijani kama jana. Maji yamekatika, mmea umeanza kuteseka, ila jicho halioni. Siku ya tatu ndipo majani yanaanza kujikunja, na wewe unauliza kulikoni. Kiharusi cha kuvuja damu ndilo tuta lililobomoka. Kiharusi cha kuziba ndio mfereji. CT scan inaliona tuta kwa dakika chache. Mfereji uliozibwa inauona kwa kuchelewa, baada ya mmea kunyauka.

Sababu yake iko katika jinsi mashine inavyofanya kazi. CT hupitisha mionzi ya eksirei kichwani kutoka pande zote na kupima ni kiasi gani kimezuiwa njiani. Kila kitu hupewa namba: maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri, ubongo wenyewe uko kati ya 20 na 40 hivi, na mfupa mgumu unakaribia au kupita 1000. Damu mbichi iliyoanza kuganda nje ya mshipa huwa kati ya 50 na 80. Kwa hiyo kwenye skrini inang'aa nyeupe juu ya ubongo wa kijivu, kama tone la maziwa kwenye uji wa ulezi kabla hujakoroga. Hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaiona. Namba hizo zimepewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Kiingereza. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine yake London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuzifikiria hesabu za jambo hili akiwa Cape Town. Huwa napenda kuwakumbusha vijana wangu kwamba sehemu ya wazo hili ilizaliwa Afrika.

Sasa mshipa ukiziba, ubongo unaokosa damu haubadiliki namba papo hapo. Seli zinaishiwa nguvu, zinaanza kunyonya maji, na maji hayo yanaishusha namba polepole sana, pointi moja, pointi mbili. Jicho linahitaji tofauti kubwa zaidi ya hiyo. Ndiyo maana katika saa za mwanzo picha ya mtu aliyepooza kabisa upande mmoja inaweza kuwa safi, na msomaji aliyeandika "hakuna kidonda kipya" ameandika ukweli mtupu.

Nikuonyeshe tunavyotazama, maana ripoti ina mistari mitatu lakini nyuma yake kuna kazi. Picha ya kichwa huja kwa vipande vyembamba, kama mkate wa silesi uliokatwa kuanzia shingoni hadi utosini. Kwanza natafuta weupe usiostahili: ndani ya ubongo, kwenye vyumba vya maji vya katikati, na kwenye mikunjo ya juu. Nikikosa damu, nabana mwanga wa skrini mpaka kijivu kilichokolea na kijivu kilichopauka viachane vizuri, kisha naenda kwenye utepe mwembamba wa kijivu uliojificha ndani, usawa wa juu ya sikio. Utepe huo ukiwa umefifia upande mmoja, kana kwamba mtu ameupitishia kifutio, najua mshipa mkubwa wa kati umezibwa. Wakati mwingine naliona bonge lenyewe: kauzi keupe, kafupi, ndani ya mshipa ambao ulipaswa kuwa wa kijivu. Nalinganisha upande huo na wa pili, narudi, nalinganisha tena. Msomaji wa picha ya mama alipita huko kote, hakukuta kitu.

Na hapo pana habari njema ambayo naona hakuna aliyewaambia. Kuanzia kikombe kudondoka hadi picha kupigwa zilipita kama saa kumi na nusu. Kama mshipa mkubwa ungekuwa umefungwa kabisa muda wote huo, mara nyingi kivuli kingekuwa kimeshajitokeza. Picha safi kwa saa zile inamaanisha eneo lililoumia huenda ni dogo. Kutembea kwake kwa kushikwa ndani ya siku kumi na moja kunakubaliana na hilo.

Jambo moja dogo nilidokeze, kwa kuwa limewahi kuleta ugomvi wodini. Ukiishika ile picha dirishani, upande wa kushoto wa mama unauona mkono wako wa kulia, kwa sababu tunaitazama kana kwamba tumesimama miguuni pake. Na ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaotunza maneno. Kwa hiyo mtu asikwambie wamesoma upande usio wake.

Sasa aspirini. Jirani yenu alikuwa na nia njema. Aspirini huzuia chembe sahani za damu zisishikane, na chembe iliyokwisha kuguswa nayo haishikani tena hadi ife, siku 7 hadi 10. Kwa mshipa ulioziba hiyo ni baraka. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 1997, yakiwa na wagonjwa karibu 40,000 kwa pamoja, yalionyesha kwamba kuianza mapema, ndani ya siku mbili za mwanzo, huokoa karibu mtu mmoja kati ya kila mia asife au asipigwe tena katika wiki zile za kwanza. Unaweza kuliona dogo hilo, lakini kidonge chenyewe kinauzwa bei ya pipi. Kwa mshipa uliopasuka, unazihitaji chembe zile zile zikazibe tundu. Dawa moja, vichwa viwili, kazi mbili zinazopingana.

Na presha ni hivyo hivyo. Uliona hawakuishusha ukadhani wamezembea. Damu ikiwa inavuja, tunataka presha ile ya juu ishuke hadi karibu na 140 ndani ya saa chache, ili uvujaji usipanuke. Mshipa ukiwa umeziba, na mgonjwa hapewi dawa ya kuyeyusha bonge, siku ile ya kwanza tunaiacha mpaka izidi 220 kwa 120, kwa sababu presha hiyo ndiyo inayosukuma damu ipite vichochoro ilishe sehemu iliyokaribia kufa. Ukiishusha kwa nguvu unaikatia chakula. Sasa niambie: bila picha, daktari aliyeikuta 190 kwa 110 angefanya nini? Angebahatisha.

Kuna wanaoamini mganga mzoefu anaweza kutofautisha kwa macho. Kichwa kikiuma sana, mgonjwa akatapika na kupoteza fahamu, basi ni damu. Akiwa macho na ametulia, basi ni kuziba. Madaktari wa hospitali ya Siriraj, Bangkok, walizigeuza dalili hizo kuwa hesabu ya kujumlisha mwaka 1991, na hesabu hiyo ikajaribiwa sehemu nyingi, Afrika ikiwemo. Inakosea kwa kiasi ambacho hakimruhusu daktari mwangalifu kumwekea mgonjwa dawa kwa kuitegemea. Damu ndogo hutulia kimya. Kuziba kukubwa hutapisha.

Nilijifunza hili nikiwa daktari mwanafunzi, katika hospitali moja ya mkoa mwingine ambayo siitaji. Aliletwa mzee mmoja, mvuvi, mkono wa kushoto umelegea, akiongea na kucheka na wajukuu. Kila mtu alisema ni kuziba, nami nikiwemo. Alipewa aspirini alikotoka, tukaendeleza. Mashine ya CT ilikuwa mji mwingine, na familia ilipata nauli siku ya tatu. Picha iliporudi niliipandisha kwenye taa mwenyewe: weupe, saizi ya yai la kanga, katikati kabisa ya ubongo wa kulia. Mzee alifariki wiki ile. Sisemi aspirini ndiyo iliyomuua, na kama kuna mtu anasoma hapa aliyewahi kumpa mzazi wake kidonge kimoja kwa kutojua, asijitwike lawama. Kidonge kimoja si hukumu ya kifo. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na uhakika, na uhakika wetu ulikuwa bure. Tangu siku ile nimeshika upande wa picha.

Nirudi kwenye ripoti ya mama, kwa sababu mmeusoma mstari wa kwanza mkauacha wa mwisho. "Vishimo viwili vidogo vya zamani." Mwanangu, huo ndio mstari ninaoutaka mjomba ausome mara mbili. Kipande cha ubongo kikifa hakioti tena. Kinabaki kishimo chenye maji. Vishimo vya namna hiyo, vya chini ya milimita 15, huachwa na mishipa myembamba kama uzi iliyoziba kimya kimya, na mara nyingi kilichoiharibu ni presha ya miaka mingi, au sukari. Kwa maneno mengine, mama amekwisha kupigwa viharusi vidogo viwili ambavyo hamkuvijua. Labda kuna siku alisema mguu unakufa ganzi mkampa maji akalala. Labda hakusema kabisa. Ile presha ya 190 haikuzaliwa asubuhi ya kikombe. Imekuwa mgeni wa nyumba yenu kwa miaka, ikila na kulala humo. Hiyo CT mnayoiita hasara imewasomea historia ya mama ambayo hata yeye haijui.

Na kuna jambo lingine: picha ya siku ile haiwezi kununuliwa tena leo. Damu iliyovuja haibaki nyeupe. Kadiri inavyooza, namba yake inashuka, na baada ya wiki moja au mbili inafanana na ubongo, kisha inakuwa nyeusi kama kidonda cha kuziba. Mgonjwa anayekuja kwangu siku ya kumi na moja kwa mara ya kwanza, mara nyingi siwezi kumwapia kwa CT kama alivujiwa au alizibwa. Ninyi jibu mnalo, kwa sababu mlikwenda siku ile ile. Na mkiirudia CT wiki hii au ijayo kwa kutaka kuona kidonda, mnaweza kukuta tena picha inayoonekana safi: kati ya wiki ya pili na ya tatu kuna kipindi ambapo sehemu iliyokufa hujifunika ukungu, ikarudi kufanana na ubongo mzima, halafu baadaye ndipo inaweka weusi wa kudumu. Mjomba angesema tena mmedanganywa.

Tuje kwa MRI. Mjomba hakukosea kuisifu. Haitumii mionzi, inatumia sumaku kubwa na kusikiliza maji yaliyomo mwilini. Ina picha ya aina moja inayoona kama maji yanatembea kwa uhuru au yamenaswa ndani ya seli zilizovimba, na kwa hiyo kiharusi cha kuziba hung'aa humo ndani ya dakika chache tangu kianze. Mfereji unauona umezibwa siku hiyo hiyo, mpunga ukiwa bado kijani. Ina picha nyingine inayoona chembe za chuma zilizoachwa na damu hata iliyovuja miaka iliyopita. Kwa mama, hata leo, kuna uwezekano mkubwa MRI ingekionyesha kidonda.

Halafu? Hilo ndilo swali la kumwuliza mjomba kwa adabu. Tukishakiona, dawa ipi itabadilika? Aspirini itaendelea. Dawa za presha zitaendelea. Mazoezi yataendelea. Mtakuwa na picha nzuri ya kuning'iniza, na zizi lenye ng'ombe wawili pungufu.

Usinielewe vibaya, kuna wagonjwa ambao ningewaambia uzeni mbuzi, uzeni baiskeli, nendeni. Kijana wa miaka 30 asiye na presha wala sukari aliyepooza ghafla. Mtu ambaye kiharusi chake kimekuja kwa kizunguzungu kikali, kuyumba, kuona vitu viwili viwili na kumeza kwa shida, maana kisogoni na kwenye shina la ubongo mifupa minene huichafua picha ya CT kwa michirizi, na vidonda huko hupotea. Aliyechelewa wiki kadhaa na hatujui kama alivuja. Mwenye homa, degedege, au kinga iliyoshuka, kwa sababu huenda si kiharusi kabisa: inaweza kuwa jipu, uvimbe, au mabuu ya minyoo ya tegu kwa watu wa maeneo yenye nguruwe wanaotembea huru. Mtoto mwenye selimundu naye ana njia yake, kwa kuwa ugonjwa huo unaweza kumpiga kiharusi hata akiwa na miaka mitano, na hapo mtu asingoje kabisa. Mama yako hayumo katika makundi haya. Ila akianza kulala mno, kutapika, kichwa kumwuma kupita kawaida, au mkono ukazidi kulegea kuliko jana, usisubiri ushauri wa mtu: rudini hospitali saa hiyo, naye atahitaji CT nyingine, kwa sababu sehemu iliyokufa inaweza kuvimba au kuvujiwa damu ndani yake.

Umeniulizia hasara, nami nigusie hofu nyingine ninayoisikia Tabora na kwingineko, kwamba mionzi ya CT itamdhuru mzee. Picha moja ya kichwa ni takriban milisiviti 2, hicho kikiwa kipimo cha mionzi mwilini. Binadamu wa kawaida hupokea wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye udongo, miamba na anga, bila kupigwa picha yoyote. Kwa mtu wa miaka 61 aliyeanguka ghafla, hilo si la kumnyima usingizi.

Kuna mtego mmoja wa CT ambao kwetu una maana zaidi kuliko Ulaya, nao ni upungufu wa damu. Weupe wa damu kwenye picha unatokana na hemoglobini. Mgonjwa ambaye hemoglobini yake imeshuka sana, chini ya 8 au 10 hivi, damu iliyomvuja inaweza kufanana na ubongo ikapotea machoni. Mikoa yenye malaria kama yetu, msomaji wa picha anapaswa kuiuliza namba hiyo kabla hajaandika "hakuna damu". Naamini mama alipimwa wingi wa damu. Liangalieni kwenye karatasi zake.

Basi, badala ya Mwanza, fedha mlizo nazo zikaende wapi? Kwa mama yako kipimo ninachokitamani kuliko MRI ni cha moyo. Kupotewa na maneno pamoja na mkono wa kulia kunanifanya nishuku kwamba bonge lilitoka mahali pengine likasafiri: moyoni, au kwenye mshipa mkubwa wa shingo. ECG, ile karatasi ya mistari ya umeme wa moyo, ni ya bei ndogo na huchukua dakika tano. Ikionyesha moyo unadunda bila mpangilio, aspirini haitoshi. Atahitaji dawa ya kuzuia kuganda damu iliyo kali zaidi, na daktari atachagua siku ya kuianza akiitazama tena ile CT. Hapo ndipo dawa inabadilika kweli. Baada ya ECG, eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na ultrasaundi ya mishipa ya shingo. Kisha sukari ya kufunga, lehemu (mafuta kwenye damu), na presha ipimwe mara kwa mara na kuandikwa kwenye daftari. Wiki ya pili hii si wakati tena wa kuiacha juu. Sasa inashushwa, taratibu, kwa vidonge vya kila siku visivyokatwa hata akijisikia mzima. Na sehemu ya fedha iende kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, kwa sababu miezi hii ya mwanzo ubongo unajifunza upya kwa kasi ambayo baadaye haitakuwepo. Wewe ni mwalimu. Mpe mama majina ya vitu vya jikoni avitaje, sufuria, mwiko, chungu, na umsubiri amalize mwenyewe. Usimmalizie.

Nimebakiza jambo la muda, na nalisema kwa ajili ya nyumba nyingine zinazosoma hapa, kwa sababu nyinyi mlikimbia kadiri mlivyoweza. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge inayopitishwa mshipani. Ni ghali, haipo kila hospitali, na inafanya kazi ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya CT kuthibitisha hakuna damu. Mshipa mkubwa ukiziba, katika kiharusi cha kawaida kila dakika inayopita huzika seli za fahamu kama milioni 1.9. Kutoka Urambo hadi Tabora mjini ni kilomita karibu 90, kwa hiyo anayetoka nyumbani mara tu mdomo unapopinda anaweza kuwahi. Anayesubiri gari hadi saa tano, hawezi.

Tena saa yenyewe iandikwe sawasawa. Nimepokea barua za rufaa zilizoandikwa "ilianza saa 3". Saa 3 ipi? Bibi wa Kaliua akisema saa tatu anamaanisha asubuhi, jua limeshapanda. Mwandikaji anaiandika ilivyo, na mpokeaji aliyezoea saa ya Kizungu anaisoma kuwa saa tisa ya usiku. Tofauti ni saa sita, wakati dirisha la dawa ni saa nne na nusu. Mtu anaweza kunyimwa dawa aliyostahili kwa ajili ya tarakimu moja. Andikeni "saa tatu asubuhi". Na kinachotakiwa ni saa ya mwisho alipoonekana mzima, ambayo si lazima iwe saa mliyomkuta amelala chini. Aliyeamka akiwa tayari amepooza, saa yake ni ile aliyowaaga kwenda kulala.

Ile picha na ripoti yake vihifadhini vizuri, visikunjwe wala visiachwe juani, na muende navyo kila kliniki. Siku mama akipigwa picha nyingine, msomaji ataanza kwa kuzilinganisha. ECG ifanyike wiki hii. Ikiwa imeandikwa kwamba moyo haudundi kwa mpangilio, niandikie siku hiyo hiyo, na mjomba awe karibu nawe, kwa kuwa hapo tutakuwa na jambo jipya la kupangia fedha.